Kuchagua bastola na kaliba ya kubeba njiani katika nchi ya dubu

Shemeji yangu alihamia Montana, Marekani, akitokea Kigoma. Majirani walipomwalika kuchuma beri milimani juu ya Missoula, swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: ninunue bastola gani? Nyumbani ukitembea porini unakuwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Huku ni wewe na miguu yako, na dubu anapenda beri zilezile unazozifuata. Mwongozo huu ndio tuliofuata mimi na yeye.

Hatua ya 1: Nunua sprei kwanza

Kabla ya bastola, nunua sprei ya dubu (sprei ya pilipili ya kumfukuza dubu) yenye usajili wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, kopo lisilopungua gramu 225. Watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero walichambua matukio ya Alaska na kuchapisha matokeo mwaka 2008: sprei ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya watu walioitumia wakiwa karibu na dubu hawakuumia. Mwaka 2012 wakatoa uchambuzi wa bunduki, na bastola zikapata asilimia 84. Tafiti hizo mbili usizilinganishe namba kwa namba, kwa sababu matukio yake si ya aina moja. Ila zinatosha kumwonyesha mtu kwamba bastola haichukui nafasi ya kopo. Upepo ukikupiga usoni, au ukiwa ndani ya hema, hapo bastola ina hoja.

Hatua ya 2: Hakikisha sheria inakuruhusu

Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bastola, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali pia. Aliye kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na kigezo maalumu kama leseni halali ya kuwinda. Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununua silaha. Jibu kila swali kwa ukweli. Na hili nalisisitiza kwa sababu sisi tumezoea kusaidiana: usimnunulie ndugu bastola kwa jina lako kisha akakurudishia pesa. Ni jinai ya shirikisho, hata kama ndugu huyo hana doa lolote.

Hatua ya 3: Chagua kaliba (ukubwa wa risasi)

Dubu grizli (ndiye dubu wa kahawia wa bara) anakimbia kiasi cha kilomita 50 kwa saa. Mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili hivi. Kinachomsimamisha papo hapo ni risasi inayofika kwenye ubongo au uti wa mgongo, ikipita kwanza kwenye ngozi, mafuta, misuli na mfupa. Kwa hiyo unatafuta vitu viwili: risasi inayozama ndani sana, na mkono unaoweza kupiga ya pili na ya tatu mahali palepale.

.44 Magnum, iliyotoka mwaka 1955, ndiyo kaliba ya jadi ya Alaska. 10mm Auto ilianza mwaka 1983 na leo naiona kila mahali njiani. .357 Magnum inatosha kwa dubu mweusi na puma. Kwa grizli naiona kama kiwango cha chini. 9mm? Mwaka 2016 Phil Shoemaker, mwongozaji mzoefu wa wawindaji Alaska, alitumia bastola ya 9mm yenye risasi ngumu kumuua dubu wa kahawia aliyemshambulia yeye na wateja wake. Lakini yule ni mtu aliyeishi na dubu miaka mingi na mkono wake hautetemeki. Usijenge uamuzi wako juu ya tukio lake.

.454 Casull na .500 S&W waachie wanaojua wanachofanya. Nimeona watu wazima wakifumba macho kabla ya kuvuta triga ya .500, na mtu aliyefumba macho hapigi ubongo wa dubu.

Hatua ya 4: Chagua bastola

Kwa mtu anayeanza nasema 10mm ya magazini, na ukinibana nitaje moja nitataja Glock 20: risasi 15, na teke (msukumo wa nyuma bastola inapolia) ambalo mtu wa kawaida anajifunza kulimudu. Kwa aliyekwisha zoea revolva (bastola ya silinda inayozunguka), chukua .44 ya chuma kizito kama S&W 629. Revolva nyepesi za .44 sizipendi hata kidogo. Zinabebeka vizuri na kupigika vibaya.

Hatua ya 5: Hakikisha bastola na risasi zinaelewana

Hapa ndipo tulipokaa siku nzima, na hapa ndipo wengi wanaruka.

Risasi za kawaida za kujilinda zina tundu kwenye ncha ili zipanuke mwilini. Kwa dubu hilo ni kasoro, kwa kuwa zinapanuka na kuishia njiani. Unataka kichwa kigumu cha kusubu chenye ncha bapa, kama greni (kipimo cha uzito wa risasi) 200 hadi 220 kwa 10mm, au greni 240 hadi 305 kwa .44. Tatizo ni kwamba ncha ile bapa wakati mwingine inagonga ukingo wa chemba badala ya kuteleza ndani, na bastola inakwama mdomo wazi.

Risasi hizi ni ghali, mara nyingi zaidi ya dola moja kila moja, ndiyo maana watu wanafanya mazoezi kwa za bei nafuu na kubeba za ghali bila kuzijaribu. Usifanye hivyo. Piga angalau 50 za aina ileile utakayobeba. Piga kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono dhaifu, magazini ikiwa imejaa na ikiwa imebaki na mbili. Ikikwama, angalia kwanza kifundo cha mkono: kikilegea, slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayosogea) hairudi nyuma kikamilifu. Kisha badili magazini, kisha badili aina ya risasi. Springi ya slaidi iwe ya mwisho kuguswa.

Jambo jingine kwa Glock: mitutu ya matoleo ya zamani ina mikunjo ya mviringo ndani, na kampuni yenyewe inaonya dhidi ya risasi yenye kichwa cha madini ya ledi (lead) kisichofunikwa. Ledi hujikusanya mtutuni na shinikizo likapanda. Tafuta risasi zilizopakwa utando, za shaba tupu zisizopanuka, au funga mtutu wenye mifereji ya kawaida.

Wenye revolva msijione mmepona. Teke kali huweza kuvuta kichwa cha risasi ambayo bado haijapigwa kikatoka kidogo kwenye ganda lake, kikajitokeza mbele ya silinda, na silinda isizunguke tena. Jaribio ni rahisi: pima urefu wa risasi ya mwisho kwa kalipa, piga tano za mwanzo, itoe ile ya sita uipime tena. Ikirefuka, badili aina. Kwa mazoezi ya kawaida tumia .44 Special, inaingia kwenye .44 Magnum bila shida.

Hatua ya 6: Ala ya kifuani

Mkanda wa begi unafunika kiuno, kwa hiyo ala ya kiunoni haifai. Beba kifuani, sprei ikae kwenye mkanda wa begi upande wa mkono wa pili. Fanya mazoezi ya kuchomoa bastola ikiwa tupu, begi likiwa mgongoni.

Hatua ya 7: Hifadhi za taifa, mipaka na ndege

Tangu Februari 2010 unaweza kubeba silaha kwenye hifadhi za taifa kwa kufuata sheria ya jimbo, lakini usiingie nayo kwenye majengo ya serikali. Nje ya Alaska, grizli analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Ukimuua kwa kujitetea, usiguse chochote na upige simu kwa maafisa wa wanyamapori siku hiyohiyo. Alaska utatakiwa pia kukabidhi ngozi na fuvu.

Ukienda Alaska kwa gari unapita Kanada, na huko bastola haipiti mpakani. Kwa ndege inapita ikiwa tupu, ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, kwenye mzigo wa chini, na umeitangaza kaunta. Sprei hairuhusiwi kwenye ndege kabisa, hata mzigo wa chini, kwa hiyo inunue ukishatua Anchorage.