Chanjo kabla ya safari ya Hija

Anayekwenda Hija kutoka Kenya asingoje wiki ya mwisho, kwa kuwa Saudia hudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile inayokinga aina A, C, W na Y, iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano ya kwanza, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Kabla ya kuondoka kituo cha chanjo, ikague kadi yako ya njano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo: jina lilingane na pasipoti herufi kwa herufi, pawepo tarehe, namba ya bechi ya chanjo, sahihi na mhuri, tena mhuri unaosomeka, si doa la wino. Mwenye kisukari abebe dawa zake kwenye mkoba wa mkononi.