Jinsi ya kujua joto la chini ya ardhi kwa chupa ya maji ya chemchemi

Kabla hamjachimba kisima cha jotoardhi, maji ya chemchemi yashawaambia kule chini kuna moto kiasi gani, manake maji yakikaa sana na mawe ya moto yanabeba madini kulingana na lile joto. Mimi niko maabara hapa Mombasa, chupa zanijia kwa basi kutoka Bonde la Ufa, na hivi ndo ningependa mzichote.

1. Chagua jicho lenye moto zaidi na linalobubujika kwa nguvu. Vidimbwi vya tope vinavyotokota na kunuka yai bovu achana navyo, hayo ni maji ya juu yamepashwa na mvuke tu.

2. Hapa ndo watu wanaharibu. Beba chupa mbili za plastiki. Moja chuja maji, tia asidi ya naitriki kidogo, hiyo ni ya sodiamu, potashiamu na magnesiamu. Ya pili ni ya silika (madini yaliyo kwa mchanga na kioo) na lazima uizimue PALE PALE, kipimo kimoja cha chemchemi kwa tisa vya maji safi ya maabara, alafu andika kwa lebo. Usipozimua, maji yakipoa silika inagandana. Nishaletewa chupa imelala kwa basi usiku kucha, nikaiinua kwa taa nikaona utando mweupe kama maji ya mchele umetulia chini, kipimo kikasoma 120, na jicho lilelile lilipochotwa tena likazimuliwa vizuri likasoma 200.

3. Joto la kule chini lapatikana kwa fomula ya kwatzi (jiwe la silika) ya mwanasayansi Fournier, 1977: chukua 5.19 utoe logi (ya msingi wa 10) ya silika (miligramu kwa kilo), 1309 gawanya kwa hiyo, alafu toa 273.15. Silika 200 yakupa nyuzi 180, silika 120 yakupa 148. Nyuzi 32 zimepotelea kwa basi! Na maji yakiwa ya magadi, pH imepita 9, jibu litapanda kupita ukweli, lirekebishe kwanza.

4. Hakikisha kwa fomula ya pili: sodiamu gawanya kwa potashiamu, chukua logi, jumlisha 1.483, 1217 gawanya kwa hiyo, toa 273.15. Sodiamu 600 na potashiamu 40 yaja 185, imekaribiana na 180 ya silika, hapo mimi huamini.

5. Sasa chota maji ya bahari pale feri ya Likoni. Sodiamu karibu 10,800, potashiamu 400, fomula yakwambia nyuzi 144 na watoto wanaogelea humo! Fomula haiulizi maji yametoka wapi. Angalia magnesiamu, bahari ina karibu 1,290, lakini maji yaliyotulia na mawe ya moto sana hubaki na kidogo mno, kwahivo ikiwa nyingi hiyo namba ya hatua ya 4 usiiandike kwa ripoti. Magnesiamu yapimwa kwa chupa ileile ya asidi, iagizeni kila mara.