Homoni za kukoma hedhi: mwambie daktari kama kizazi unacho

Jamani mama zangu na dada zangu mnaopata yale majoto ya usiku mpaka shuka linalowa, mkienda kuulizia homoni semeni kabisa kama kizazi bado mnacho au kilishatolewa, maana ukiwa nacho homoni ya estrojeni peke yake haifai, lazima iende na homoni nyingine iitwayo projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi unanenepa na unaweza kuleta kansa. Kama uliwahi kuugua kansa ya matiti usifiche hata kidogo. Una uzito mkubwa? Ulizia homoni ya kubandika kwenye ngozi au jeli ya kupaka, vidonge ndio vinaongeza hatari ya damu kuganda. Homoni utakayopewa ipe kama miezi 3 hivi ndo useme haikufai. Na kama shida ni ukavu ukeni tu, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka hukohuko, dozi ndogo kabisa.