Somo: Jinsi ya kuchakura mitumba ukafaidi, kuanzia nguo mpaka vyombo

Wakuu habari zenu. Kuna watu wanaingia duka la mitumba wanazunguka dakika mbili wanatoka wamenuna eti hamna kitu. Vitu vipo, ila mtumba hauangaliwi kwa macho, unashikwa, na utamu wote uko hapo. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Vaa nguo nyepesi inayobana kidogo, uweze kujaribishia juu yake kama hakuna chumba. Beba na futi ya fundi. Usiende na orodha ndefu, jua tu nyumbani kunapungua nini, mengine acha lundo likushangaze.

Hatua ya 2: Pitisha mkono kwenye nguo zote zilizotundikwa bila kusoma lebo. Pamba ukiikunja kwenye ngumi inabaki na mikunjo, kitani kinajikunja zaidi ya hapo na kina vinundu vya uzi, sufi ukiiachia inarudi yenyewe, poliesta inateleza tu haina habari. Mkono ukishazoea unasimama wenyewe kwenye kitu kizuri kabla macho hayajafika, na mimi hiyo ndo raha ninayoifuata, bei nafuu ni nyongeza. Halafu watu hawalifikirii hili: nguo iliyofuliwa sana na bado imesimama, imeshanywea inavyonywea na rangi imeshachuja inavyochuja, unavyoiona ndo ilivyo, wakati mpya hujui itakufanyia nini ukishaifua.

Hatua ya 3: Kagua. Inua kwenye mwanga uone matundu ya nondo. Geuza ndani nje, angalia kwapani, kola, na pale suruali inaposuguana mapajani maana ndo panaanza kuisha. Zipu ipandishe ushushe mpaka mwisho. Kifungo kutoka si kitu, hata zipu fundi anabadilisha, ila kitambaa kilicholika au doa la jasho la njano la miaka, achana nalo. Shati la mistari angalia kama mistari inakutana kwenye mfuko na kwenye mishono, ikikutana ujue aliyeshona hakulipua.

Hatua ya 4: Saizi ya kwenye lebo isahau, gauni la namba 12 la Uingereza ni kama namba 8 la Marekani. Pima kwa futi. Suruali, ifunge kifungo uzungushie kiuno chake shingoni, ncha zikikutana kisogoni bila kuvuta mara nyingi itakukaa.

Hatua ya 5: Vyombo, hapa ndo naweza kukesha. Sahani au bilauri igonge kwa kucha, ikilia ngiii ni nzima, ikitoa sauti butu huenda ina ufa hata kama huuoni. Kikaango cha chuma kizito chenye kutu usikiogope, sugua kutu yote, osha, kausha motoni, paka mafuta kidogo sana halafu kiweke kwenye oveni yenye moto mkali kama saa 1, kitakuzika. Cha utando usioshika ukikuta umechubuka, pita. Kabati vuta droo, pembe zikiwa zimeumana kwa meno ya mbao beba haraka, lakini vitundu vyenye unga mbichi wa mbao maana yake wadudu bado wanakula. Vya umeme soma volti kwanza, kifaa cha 120 ukikichomeka kwenye 230 unakiaga.

MASWALI

Swali: Mkuu ile harufu ya mtumba inatokaje? Nimefua mpaka nimechoka.
Jibu: Pole dada. Loweka kwenye maji baridi yenye kikombe cha siki nyeupe nusu saa, fua kawaida, anika penye upepo wa kutosha. Siki usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, inatoa gesi ya sumu.

Swali: Na kunguni je?
Jibu: Ukifika nyumbani nguo usizitandaze kitandani, zibaki zimefungwa kwenye mfuko mpaka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Sufi haiwezi joto hilo, iweke friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku 4 au zaidi. Sofa piga tochi kwenye mishono, ukiona vidoa vyeusi ondoka. Godoro mimi sinunui, anayebisha abishe.

Swali: Raba inaonekana mpya kabisa, nichukue?
Jibu: Ikunje kwanza mkuu. Soli ya povu ikizeeka inameguka yenyewe hata kama kiatu hakijavaliwa.

Swali: Helmeti ya pikipiki nayo unagonga kwa kucha? 😂
Jibu: Hiyo hugongi wala hununui. Povu la ndani likishapata kishindo kimoja kazi yake imeisha, na kwa nje huoni kitu. Kiti cha mtoto cha kwenye gari vilevile.