Bunduki Ikipiga Teke: Nilivyomwelekeza Mpwa Wangu

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Nairobi. Kelele za matatu za Rongai amezizoea, lakini aliposhika bunduki mabega yalimpanda hadi masikioni.

Usimwanzishe mtu na bunduki kubwa. Mpe ya .22, yaani ndogo yenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.22 hivi; risasi yake ina gramu 2.6 hivi na teke lake, ule msukumo wa kurudi nyuma, ni kama kuguswa bega. Vifaa vya kukinga masikio, miwani, kidole nje ya kifyatulio: hayo hayajadiliwi.

Kitako kibane kwenye kishimo cha bega, si juu ya mfupa. Pengo likibaki, bunduki hupata mbio kabla ya kukugonga. Mguu wa kushoto mbele kama unatumia mkono wa kulia, kifua kiinamie mbele. Wageni wengi hujirudisha nyuma, kama wanaokwepa moshi wa nyama choma.

Tatizo kubwa zaidi ni kushtuka kabla ya mlio. Nilimchanganyia risasi bandia zisizolipuka na za kweli bila kumwambia ipi ni ipi. Ya bandia ilipofika zamu, mtutu ukainama chini ingawa hakukuwa na mlio wala teke.

“Anko, kumbe ni mimi!”

Tangu hapo akawa anabonyeza polepole. Zilipofika risasi 20 nikasema tuache, ingawa alitaka zaidi.