Kufufua Eddystone EC10 iliyokuwa kiziwi

EC10 ilitengenezwa na Stratton & Co. ya Birmingham, Uingereza, kuanzia miaka ya 1960. Ni risiva (redio ya kupokea) ya transista tupu, haina valvu hata moja, na inashika kHz 550 hadi MHz 30 kwa bendi tano. Ukibahatika kuiokota Dar, utakuta inawaka na spika inakoroma kidogo, ila haikamati kitu. Usikimbilie kununua transista.

Hatua ya 1: Umeme. Inatumia betri sita kubwa za tochi, volti 9. Hewa yetu ya chumvi ikikutana na betri zilizovuja, vibati huota ukoga wa kijani. Sugua kwa msasa laini, futa kwa spiriti. Kabla ya kuweka betri mpya, pima kwa mita uone ni upande gani umeungwa kwenye chasisi, chanya au hasi. Usikisie: transista za jerimaniamu hazisamehe umeme uliogeuzwa. Washa mara ya kwanza mita ikiwa kwenye njia ya betri. Ikiwa imetulia bila sauti, makumi ya miliampea ni sawa; ikivuta mamia, zima.

Hatua ya 2: OC171. Hapa ndipo penye ugonjwa. Ndani ya kopo (ganda la chuma) la transista hii bati huota nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikagusa viungo vya ndani. Kopo limeungwa kwenye chasisi, kwa hiyo mawimbi yote yanaishia huko.

Ina miguu minne. Uliojitenga ni kolekta, unaofuata ni wa kopo, kisha besi, mwisho emita. Kata mguu wa kopo katikati, ukiacha kipande cha kuungia tena. Mara nyingi redio inaamka hapohapo, na mie sijachoka kuusikia mlio ule.

Zima, kisha pima kati ya kopo na kila mguu uliobaki. Mguu mmoja ukigusana na kopo, hakuna neno, liache lining'inie hivyo hivyo. Ikigusana miwili, basi imeungana yenyewe kwa yenyewe kupitia kopo na kukata hakusaidii, transista hiyo badilisha. Usiweke ya silikoni kavukavu, maana bayasi yake (volti ya kuiamsha) ni tofauti: besi ya jerimaniamu inataka kama volti 0.2, ya silikoni 0.6.

Hatua ya 3: Kapasita za elektroliti. Badilisha zilizokauka. Kariakoo zipo tele. Thamani ile ile ya mikrofaradi, volti 16 au 25, angalia chanya na hasi.

Hatua ya 4: Sikiliza. Funga waya wa mita kumi hivi, mbali na taa za LED na chaja za simu, maana kelele zake zinafunika kila kitu. Jioni nenda bendi ya 3, MHz 7.0 hadi 7.2, wanakozungumza wapenzi wa redio. Washa BFO (wimbi la ndani linalofanya sauti zao zieleweke), punguza RF (nguvu ya mawimbi yanayoingia), fungua sauti, kisha zungusha BFO taratibu mpaka maneno yaeleweke. Mchana jaribu MHz 14. Ukisikia mtu anajitambulisha kwa 5H, huyo ni wa hapahapa Tanzania.

Namba za daili zikiwa zimepishana kidogo na stesheni, ziache kwanza. Koili za IF (masafa ya kati ya ndani ya redio), kHz 465, usiziguse kwa bisibisi ya chuma: viini vyake hupasuka kirahisi, na vya kuweka badala yake hutavipata mtaani.