Babu aliruka na skwadroni ya mabomu: namna ya kukusanya na kutunza kumbukumbu zake

Watu wengi hunijia na jina moja. Babu aliyekuwa mpiga bunduki, mjomba aliyefia Ujerumani 1944, picha ya kijana aliyevaa koti la manyoya mbele ya Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza. Kazi yangu ni kuskani na kupanga nyaraka za familia huku Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, sehemu iliyojaa viwanja vya ndege za mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: msimtafute mmoja, watafuteni saba.

Lancaster ilibeba watu saba: rubani, fundi wa ndege, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani. Mara nyingi walilala kibanda kimoja, wakaruka pamoja, na mara nyingi wakafa pamoja. Barua ambayo babu yako hakuiandika, mwenzake aliiandika kwa mama yake. Picha ambayo kwenu haipo, huenda imo kwenye droo ya mjukuu wa fundi wa ndege huko Saskatchewan, Kanada, au Queensland, Australia.

Mwongozo huu unahusu vikosi vya mabomu vya RAF, yaani Jeshi la Anga la Uingereza, maana ndivyo ninavyovifahamu. Mwenye babu aliyekwenda Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) anaweza kufuata hatua zilezile za sanduku, mahojiano na skani. Kitakachobadilika ni nyaraka za serikali.

Na fanya haraka. George "Johnny" Johnson, Mwingereza wa mwisho kati ya wale wa Skwadroni ya 617 waliopiga mabwawa ya Ujerumani Mei 1943, alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 101. Wenyewe karibu wote wameshatangulia. Sasa hata watoto wao ni wazee.

Hatua ya 1: Fungua sanduku, lakini usilipange

Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu, tabaka kwa tabaka. Mpangilio wenyewe ni habari: barua iliyokunjwa pamoja na picha huenda ndiyo inayoieleza picha hiyo. Nawa mikono, ikauke. Zile glovu nyeupe za pamba tunazoziona kwenye televisheni hazifai kwa karatasi, kwani vidole vinakosa hisia na kurasa zinachanika. Picha na negativu ndizo zinazotaka glovu, tena za mpira mwembamba.

Toa pini na vibanio vyenye kutu. Usibandike selotepu, usilaminishe, usisugue medali ili zing'ae. Picha zilizogandishwa kwenye albamu ziache hapohapo, uskani ukurasa mzima. Ukitaka kuandika nyuma ya picha, tumia penseli laini, tena kidogo.

Hatua ya 2: Soma daftari la safari za anga, mstari kwa mstari

Hapa usiwe na pupa. Kila mwanaanga alikuwa na daftari la kuandikia safari zake: tarehe, saa ya kuondoka, aina na namba ya ndege, jina la rubani, kazi aliyofanya, maelezo, na mwisho saa za mchana na saa za usiku. Mistari ya wino mwekundu kwa kawaida ni ya safari za usiku. Neno "Ops" likifuatwa na jina la mji, kwa mfano "Ops Essen", hiyo ni safari ya vita. "DNCO" maana yake kazi haikutimizwa: pengine injini iligoma, pengine barafu ilishika mabawa. Ukikuta "Gardening", usidhani babu alikuwa analima mchicha. Ni kutega mabomu baharini dhidi ya meli, na sehemu za bahari zilipewa majina ya siri ya mimea, matunda na hata samaki.

Hesabu safari za vita. Awamu ya kwanza kwa kawaida ilikuwa safari 30, kisha mtu akapumzishwa. Daftari likiishia safari ya nne au ya kumi na moja, geuza kurasa zilizobaki taratibu. Mara nyingi utakuta mstari wa mwisho una mwandiko wa mtu mwingine, wenye maneno ya kwamba ndege haikurejea. Katika Kamandi ya Mabomu, yaani tawi la RAF lililoendesha ndege za mabomu, walipita wanaanga wapatao 125,000, na 55,573 kati yao walikufa. Mwandiko huo wa mtu mwingine umo katika madaftari mengi mno.

Kurasa za mafunzo nazo usiziruke. Humo utaona alijifunzia wapi, Kanada, Rhodesia ya Kusini au Afrika Kusini, na tarehe aliyofika kwenye kitengo cha mafunzo ya kivita. Huko ndiko vikundi vilikoundwa, na namna yake inawashangaza wengi: vijana walikusanywa ndani ya hanga, wakaachwa wachaguane wenyewe. Ukimpata mtu aliyesikia simulizi ya siku hiyo, irekodi kabla ya kitu kingine chochote.

Kama daftari halipo, usiilaumu familia. Madaftari mengi ya waliokufa ambayo hayakudaiwa yaliteketezwa na serikali miaka mingi baada ya vita. Machache yaliyoachwa kama sampuli yako katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London, kwenye mfululizo wa AIR 4.

Hatua ya 3: Linganisha na kitabu cha skwadroni

Kila skwadroni iliandika kitabu cha shughuli zake. Viko Kew, mfululizo wa AIR 27, na unaweza kuvipakua mtandaoni. Kuna fomu mbili: 540 inaeleza mambo ya kikosi siku kwa siku, na 541 inataja kila ndege iliyoruka, majina ya waliokuwamo, saa ya kupaa, saa ya kutua na maelezo mafupi. Fomu 541 ndiyo itakayokupa wale sita.

Mambo matatu huwachanganya watu. La kwanza ni tarehe: safari ya usiku ina tarehe mbili, hivyo usiku wa 25/26 Juni unaweza kuandikwa 25 kwenye kitabu cha skwadroni na 26 kwenye kaburi. Ni usiku uleule. La pili ni saa. Wao waliandika kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 22.38 ni saa 4:38 usiku kwa hesabu yetu. Chagua mfumo mmoja na ushikamane nao. La tatu ni makosa ya karani, aliyekuwa akipiga chapa majina mengi kila asubuhi baada ya safari. Daftari la babu na kitabu cha skwadroni vikipingana kuhusu namba ya ndege, usifute chochote. Andika zote mbili na useme kila moja imetoka wapi.

Hatua ya 4: Watafute wale sita

Kwa waliokufa, anza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Runnymede, magharibi ya London, wenye majina zaidi ya 20,000. Kisha nenda kwenye orodha ya waliopotea ya International Bomber Command Centre, kituo cha kumbukumbu za Kamandi ya Mabomu mjini Lincoln, yenye majina zaidi ya 57,000. Hapo utaona pia majina ya waliokuwa nao ndani ya ndege. Kama mmoja alikuwa Mwaustralia, una bahati: faili nyingi za majeruhi na waliokufa za Australia, mfululizo wa A705, zimeskaniwa na zinasomwa bure. Kanada nayo imeweka mtandaoni faili za askari wake waliofia vitani.

Ukishapata familia nyingine, andika barua. Usipige simu ghafla. Huenda unabeba habari wasiyoijua: kwamba baba yao alitua kwa mwavuli akaishi siku kadhaa kabla ya kufa, au kwamba kosa lililoandikwa kwenye ripoti lilikuwa la kwake. Jitambulishe, eleza babu yako alikaa kiti gani ndani ya ndege ileile, ambatisha nakala ya kitu kimoja kizuri, kisha subiri. Wasipojibu, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 5: Rekodi watu

Simu ya kawaida inatosha, ila tumia kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola na urekodi kwa WAV, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, kama programu yako inaruhusu. Zima televisheni. Zima friji ikiwa iko karibu, na uweke funguo zako ndani yake ili usisahau kuiwasha. Kaa upande ambao mzee anasikia vizuri. Saa moja inatosha. Mtu wa miaka mia hasemi kwamba amechoka, utamjua kwa kuanza kujibu kwa neno moja.

Usianze na "ulijisikiaje kudondosha mabomu?" Anza na kitu cha kushika: picha, kofia, daftari. Uliza kuhusu baiskeli, maana viwanja vilikuwa vikubwa na wengi walikuwa na baiskeli. Uliza kuhusu yai la kukaanga walilopewa waliokwenda vitani wakati raia walikuwa kwenye mgao. Uliza kuhusu baridi ya mkiani. Uliza nani alikuwa na hirizi yake, kwa sababu wengi walikuwa nayo: mwanasesere, skafu ya mchumba, au desturi ya kukojolea gurudumu la ndege kabla ya kuruka. Mzee akiisha kucheka, yale mazito atayaleta mwenyewe.

Akinyamaza, nyamaza naye. Mahojiano mengi yanaharibiwa na mhoji asiyevumilia kimya.

Kwa watoto na wajukuu, usitafute simulizi za vita ambazo hawanazo. Waulize walichokiona nyumbani: baba aliyeruka kitandani usiku, baba aliyezima redio mabomu yalipotajwa, baba aliyekwenda kwenye mkutano wa skwadroni kila mwaka na kurudi mtu mwingine kwa wiki nzima. Mimi huona ushuhuda huo una uzito sawa na wa aliyekuwa ndani ya ndege. Mwisho, pata idhini kwa maandishi: jina lake litumike au lifichwe, sauti itumike wapi, na nini kisitolewe kabla hajafa.

Hatua ya 6: Skani na upe majina

Barua kwa dpi 400 (nukta kwa inchi), picha kwa dpi 600 au zaidi, zote TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, mbele na nyuma. Hata kama nyuma ni tupu, skani. Faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha skwadroni, kisha maelezo mafupi. Programu za kutia rangi picha za zamani sizipendi: zinabuni rangi ya macho ya marehemu, kisha wajukuu wanaiamini. Ukiitumia, usihifadhi matokeo yake kwenye folda moja na picha halisi.

Ukikuta picha kubwa yenye giza, mistari myeupe iliyopinda na madoa ya mwanga, usiitupe ukadhani imeharibika. Ni picha ya shabaha, iliyopigwa na kamera ya ndege usiku kwa mwanga wa bomu la kumulika. Mistari ile ni moto na taa za ardhini zilizovutika wakati ndege ikisonga. Chini yake kuna ukanda wa maandishi: kifupi cha kiwanja, tarehe ya usiku huo, kimo kwa futi, mwelekeo, saa, mji uliopigwa, shehena ya mabomu, jina la rubani, herufi ya ndege na namba ya skwadroni. Ukanda huo mmoja unaweza kukufungulia hatua ya 3 yote.

Hatua ya 7: Andika pia waliokuwa chini

Familia nyingi huiruka hatua hii, nami huisisitiza. Picha ile ya shabaha ni mji wenye watu. Usiku wa mabwawa Mei 1943 walikufa wanaanga 53, na bondeni wakafa watu zaidi ya elfu moja, wakiwemo wanawake wengi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Ulaya ya Mashariki kuja kufanya kazi Ujerumani. Hifadhi ya dijiti ya kituo kile cha Lincoln inakusanya pia shuhuda za raia waliopigwa mabomu. Tafuta humo, au kwenye hifadhi ya mji husika, uweke simulizi hiyo kando ya mstari wa daftari.

Cy Grant ndiye mfano ninaoutoa siku zote. Alizaliwa Guyana, akawa mwongoza njia wa Skwadroni ya 103 kwenye kiwanja cha Elsham Wolds. Juni 1943, wakirudi kutoka Gelsenkirchen, Lancaster yao iliangushwa Uholanzi, naye akakaa miaka miwili mfungwa wa vita. Gazeti la Wajerumani lilichapisha picha yake kama mwanaanga wa RAF wa asili isiyojulikana. Mvulana wa Kiholanzi wa miaka 11 aliona ndege hiyo ilipoangukia nyumba ya shamba na kumuua mke wa mwenye shamba. Alipokuwa mtu mzima, mvulana huyo alifuatilia majina ya waliokuwamo hadi akampata Grant, ambaye baada ya vita alikuwa mwimbaji na mwigizaji maarufu Uingereza. Kutokana na urafiki huo ikaanzishwa, mwaka 2006, kumbukumbu ya mtandaoni ya wanaanga wa Karibiani. Bila mtu wa chini, Grant angebaki na nusu ya usiku wake mwenyewe.

Hatua ya 8: Amua vitu vikae wapi

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fungua faili kadhaa kila mwaka uone kama bado zinafunguka. Hifadhi ya Lincoln hupokea nakala za dijiti, kwa hiyo familia inaweza kubaki na vitu halisi. Ukiwapa, saini fomu ya haki na uisome, hasa sehemu ya nani anaweza kutumia picha.

Jihadhari na wanunuzi. Medali, daftari na barua vikiuzwa pamoja bado vinaeleza mtu. Vikitenganishwa, daftari hubaki na namba na medali hubaki chuma. Kama ni lazima kuuza, skani kila kitu kwanza, na uandike kwenye karatasi mahali kila kimoja kilipokwenda. Karatasi hiyo nayo itie sandukuni.